Kutoka Kiramba hadi Triko: Historia ya Nguo Ndogo za Zawadi katika Nchi ya Wamaza

Nchi ya Wamaza, kwa maana inayotumika katika sura hii, ni ile sehemu ya kusini mwa Maniema iliyo baina ya Kasongo na Kabambare, mashariki mwa mto Lualaba, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya soko, ya msikiti na ya baraza kwa zaidi ya karne moja. Huko, kama ilivyo katika sehemu nyingi za mashariki ya Kongo, mwanamke aliyejifungua hutembelewa na jamaa, majirani na wenzake wa kanisa au wa kikundi cha akiba, nao hawaji mikono mitupu: huleta sabuni, sukari, kitenge, na mara nyingi nguo za mtoto zilizofumwa kwa mkono, ambazo kwa jumla yake huitwa layeti, yaani kofia, soksi, kijisweta na pengine shali, aghalabu vyote vya rangi moja. Kwa umbo lake layeti ni kitu cha karne ya 20, kilicholetwa na watawa wa Kizungu, wauguzi na wake za maofisa wa kikoloni. Lakini sababu iliyokifanya kikubalike, kikadumu hata baada ya waliokileta kuondoka, ni ya kale kuliko wao, kwa kuwa katika nchi hii nguo ndogo iliyotoka katika mkono wa mtu anayejulikana ilikuwa imekwisha kuwa lugha ya ujamaa kabla ya sindano ya kwanza ya kufumia kufika.

Nguo ya kwanza ya Maniema inayofahamika vizuri katika maandishi ni kiramba, kitambaa cha nyuzi za mwale, ule mti wa jamii ya mitende uotao mabondeni na kando ya mito. Mfumaji aliliambua jani changa, akatoa ngozi yake nyembamba ya juu, akaianika, kisha akaichana kuwa nyuzi ambazo hazikusokotwa bali zilifungwa kwenye kitanda cha mfumi zikiwa na urefu ule ule wa jani. Jambo hili la ufundi ndilo lililoamua mengine yote. Kwa kuwa uzi haukuweza kuwa mrefu kuliko jani, kitambaa nacho hakikuweza kuwa kirefu. Kilitoka kitandani kikiwa kipande cha mraba kiasi cha kufunika mapaja ya mtu mmoja, na aliyetaka vazi kubwa zaidi alilazimika kuunga vipande kadhaa kwa sindano. Kwa hiyo katika nchi hii nguo ndogo ilikuwa nguo kamili, yenye thamani yake, na hakuna aliyeiona kuwa ni kipande kilichokatwa kutoka katika kitu kikubwa.

Kufuma viramba ilikuwa kazi ya wanaume. Katika eneo zima la misitu na mbuga za kusini, kuanzia kwa Wasonge na Watetela hadi ng'ambo ya Lualaba, mwanamume aliketi kwenye kitanda cha mfumi, na vipande alivyofuma vilikuwa vazi, fedha, sehemu ya mahari, malipo ya faini na sanda ya maiti kwa wakati mmoja. Mkwe aliyepokea kiramba alijua kimefumwa na nani, na deni la heshima lililotokana nacho lilihesabiwa kwa muda mrefu kuliko kitambaa chenyewe kilivyoweza kuvaliwa. David Livingstone, aliyefika Bambarre, ambayo ndiyo Kabambare ya leo, mnamo Septemba 1869, na aliyezuiwa hapo kwa miezi mingi ya mwaka 1870 na vidonda vya miguuni, aliona vitambaa hivyo vikivaliwa, vikitiwa rangi na kuuzwa. Na alipofika Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba, mwaka 1871, alistaajabia soko lililojaa wanawake waliokuja kwa mitumbwi na kwa miguu kutoka vijiji vya pande zote. Soko hilo ndilo lililopigwa risasi na watu wa misafara ya biashara ya pwani tarehe 15 Julai 1871, mbele ya macho yake, wakafa mamia. Historia ya nguo katika Maniema haiwezi kuandikwa bila kuitaja siku ile, kwa sababu njia iliyoleta bafta na sindano za chuma ndiyo iliyoleta pia bunduki na minyororo.

Njia yenyewe ilianzia Bagamoyo, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika hadi Mtowa, kisha ikapanda hadi Kabambare, Kasongo na Nyangwe. Hamed bin Muhammad el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alifanya Kasongo kuwa makao yake makuu katika miaka ya 1870, na mwanawe Sefu akayashika baadaye. Bidhaa kubwa ya kwenda bara ilikuwa nguo: merikani, yaani kitambaa cha pamba kisichopaushwa kilichopewa jina la nchi kilikotoka, kaniki ya buluu nzito, na bafta nyeupe iliyo laini zaidi. Vipimo vyake vilikuwa vya mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne ilifanya shuka, na shuka mbili zilifanya doti. Mtu aliyezoea kiramba cha urefu wa jani alikutana na nguo isiyo na mwisho, inayoweza kukatwa popote, na ukataji huo ndio ulioleta kazi mpya ya ushonaji.

Waliovaa nguo hizo kwa namna ya pwani waliitwa Wangwana, jina ambalo huko pwani lilimaanisha watu huru waliostaarabika, lakini ambalo Maniema liliwakusanya watu wa asili nyingi: wachache waliotoka Unguja na Tabora, na wengi zaidi waliozaliwa papo hapo, baadhi yao wakiwa watumwa au wafuasi wa wakubwa, waliosilimu, wakasema Kiswahili na kuvaa kanzu. Kanzu na kofia vilikuwa hati ya mtu. Aliyevaa kofia iliyoshonwa vizuri alitangaza kwamba ana mtu nyumbani wa kumshonea, na kwamba mtu huyo ana nafasi ya kukaa na sindano badala ya kukaa na jembe.

Desturi hiyo ilitoka katika nyumba za Unguja. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said aliyezaliwa mwaka 1844 na kujulikana baadaye Ulaya kwa jina la Emily Ruete, alieleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886 jinsi mabibi wa jumba la kifalme walivyotumia sehemu ya siku yao kudarizi na kushona, wakipamba mavazi yao wenyewe na ya waume, ndugu na watoto wao wa kiume, na jinsi siku ya arobaini baada ya kuzaliwa ilivyokuwa siku kubwa ya mtoto. Yaliyofanyika jumbani kwa hariri na dhahabu yalifanyika kwingine kwa bafta na uzi wa kawaida. Arobaini ni muda ambao mzazi hupumzika ndani, na mtoto hutolewa rasmi unapokwisha. Kabla ya hapo, siku ya saba, huja akika, yaani kunyolewa nywele, kuchinjiwa mnyama na kutangazwa jina. Kichwa kilichonyolewa hutaka kufunikwa. Hapo ndipo kofia ya mtoto ilipopata nafasi yake, na nyanya, shangazi au somo wa mama ndiye aliyetarajiwa kuitoa.

Kofia ya kushona, ya mtu mzima au ya mtoto, haina njia ya mkato. Ina sehemu mbili, duara la utosini na mkanda wa kuzunguka kichwa, na kila sehemu hufanywa kwa vitambaa viwili vyeupe vilivyowekwa pamoja. Mchoro hupigwa kwanza kwa kalamu ya risasi, kisha mshonaji hutoboa tundu moja moja kwa ncha kali na kuzungushia kila tundu uzi mpaka ukingo wake uwe mgumu. Nafasi zilizobaki hujazwa mishono ya karibu karibu inayoipa kofia ukakamavu wa kusimama bila kukunjamana. Kofia nzuri huchukua wiki nyingi, pengine miezi, na mwenye jicho la kazi huigeuza ndani kabla ya kuisifu, kwani upande wa ndani ndio unaosema kama mafundo yamefichwa au yameachwa yaning'inie. Mchumba aliyepewa kofia ya namna hiyo alijua amesubiriwa kwa muda gani. Hata hivyo isisahaulike kwamba katika Kasongo ya miaka ya 1880 wengi wa wanawake walioshika sindano hawakuwa mabibi wa nyumba bali masuria na wajakazi waliotekwa katika vijiji vya jirani, na kazi ya mikono yao ilitolewa zawadi kwa jina la mwingine.

Utajiri wa mji huo ulionekana wazi ulipoanguka. Majeshi ya Dola Huru ya Kongo chini ya Francis Dhanis yaliingia Nyangwe mwezi Machi 1893 na Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka huo huo. Daktari Sidney Hinde, Mwingereza aliyefuatana nayo na kuchapisha kitabu chake mwaka 1897, alistaajabu kukuta vitanda vya kuchongwa, vyandarua vya hariri na magodoro ya hariri na atlasi, kiasi kwamba hata askari wa kawaida waliyalalia. Mapema mwaka 1894 ngome ya Kabambare nayo ilichukuliwa, na utawala wa Wangwana ukaisha. Watu wao hawakuisha. Baadhi walibaki, wengine walivuka ziwa na kukaa Ujiji, Tabora na Usumbura, na mitaa ya Wamanyema ya miji hiyo iliendelea kubadilishana na Kasongo wachumba, mashekhe, habari na mitindo ya mavazi.

Mabadiliko makubwa yaliyofuata yalitoka shambani. Sheria ya Februari 1917 iliwapa watawala wa Kongo ya Kibelgiji uwezo wa kuwalazimisha wanavijiji kulima mazao yaliyoamriwa, hadi siku sitini kwa mwaka, na Maniema ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza ambako pamba ililimwa kwa amri hiyo. Kampuni ya pamba ya Cotonco iliundwa mwaka 1920. Mwanahistoria Osumaka Likaka, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1997, ameonyesha jinsi kilimo hicho kilivyokula muda wa kaya, bei ikiwa duni na viboko vikiwa karibu. Pamba iliondoka ikiwa marobota, na iliporudi ilikuwa kitambaa cha dukani. Kwa mfumaji wa viramba hilo lilikuwa pigo la pande mbili: siku zake zilichukuliwa na shamba, na wateja wake walichukuliwa na duka. Reli ya Kindu hadi Kongolo, iliyokamilika karibu na mwaka 1911, ilikuwa imekwisha kurahisisha kuingia kwa nguo za viwandani, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia kiwanda cha Filtisaf huko Albertville, ambayo leo ni Kalemie, kilileta vitambaa vya pamba karibu zaidi. Kitanda cha mfumi kilibaki kwa wazee. Kazi ya nguo nyumbani ikawa ya wanawake, na chombo chake kikawa sindano.

Sindano ya pili, ile ya kufumia, ilifika kwa mkono wa watawa. Kufuma huko, ambako Wakongo wengi hukuita triko kwa kufuata Kifaransa, ni ufundi wa kutengeneza kitambaa kwa uzi mmoja unaopitishwa vitanzi kwa vitanzi baina ya sindano mbili, pasipo kitanda wala nyuzi za kutandaza. Wazungu walioufundisha waliuona kuwa mali yao, lakini vitu vya zamani zaidi vya aina hiyo vilivyohifadhiwa ni soksi za pamba za buluu na nyeupe zilizopatikana Misri, za zama za utawala wa Kiislamu. Na katika makaburi ya kifalme ya Las Huelgas, Burgos, umepatikana mto wa hariri wa mwanamfalme Fernando de la Cerda, aliyefariki mwaka 1275, uliofumwa kwa vitanzi na kuandikwa pembeni neno la Kiarabu baraka. Masista waliotoka Ulaya na kufundisha triko katika nchi ya Wangwana walikuwa wakirudisha, bila kujua, ufundi uliowahi kuvuka Bahari ya Kati kutoka upande wa Waislamu.

Masista Weupe, yaani Shirika la Masista Wamisionari wa Bikira Maria wa Afrika, walifika Baudouinville, magharibi mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1895, na mfano wao wa kufundisha wasichana kazi za mikono ulienea katika misheni za mashariki ya Kongo. Upande wa magharibi wa Lualaba, Wamethodisti wa Marekani walifungua Wembo-Nyama mwaka 1914 na Tunda, ndani ya Maniema, mwaka 1922, nao wakaleta desturi ya akina mama wa Kiprotestanti ya kukutana kushona na kufuma kwa ajili ya wahitaji. Kasongo yenyewe ilipata vikarieti yake mwaka 1952, ikawa jimbo kamili la Kanisa Katoliki mwezi Novemba 1959. Katika shule hizo za misheni msichana alipimwa kwa unadhifu wa mshono wake, na soksi ya mtoto ilikuwa zoezi zuri kwa mwalimu, kwa kuwa ni ndogo, inamaliza uzi kidogo, na inadai kila mbinu: kuanza vitanzi, kuongeza, kupunguza, kuacha tundu na kufunga.

Nyuma ya zoezi hilo kulikuwa na siasa. Kuanzia miaka ya 1910 maofisa wa Kibelgiji waliingiwa na hofu kwamba idadi ya watu wa Kongo inapungua, na hivyo kwamba mashamba na migodi itakosa mikono. Mwaka 1912 iliundwa jumuiya ya kulinda watoto weusi, na baadaye zikaenea kliniki zilizoitwa Tone la Maziwa, ambako watoto walipimwa uzito na mama zao wakahubiriwa usafi. Nancy Rose Hunt, mwanahistoria wa Marekani aliyelichimba jambo hili kuliko wengine, alionyesha katika makala ya mwaka 1988 kwamba huduma hizo zilikusudia pia kubadili desturi ya kunyonyesha kwa muda mrefu, ili mimba zikaribiane. Mama alihitaji kuvutwa, na zawadi ndiyo iliyokuwa chambo: sabuni, kitambaa, nguo ya mtoto. Katika kambi za Union Minière huko Katanga, ambako watu wengi wa Maniema walikwenda kufanya kazi, na ambako kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilitaka wafanyakazi wakae na wake zao, mama aliyejifungulia hospitali ya kampuni alizawadiwa vitu vya mtoto wake, na vyumba vya kushonea vilifunguliwa ili wake wa wafanyakazi wasikae bure. Likizo ya mchimbaji iliporejesha familia kijijini, layeti nayo ilirejea, ikiwa alama ya mji.

Baada ya vita vilikuja vituo vilivyoitwa foaye sosyali, yaani nyumba za mafunzo ya wanawake zilizosimamiwa na Wabelgiji wa kike, ambako walioolewa walifundishwa kupika, kupiga pasi, kutia viraka, kushona na kulea. Kituo kilichochunguzwa zaidi ni cha Usumbura, ambacho Hunt alikiandikia historia ya miaka ya 1946 hadi 1960 katika makala iliyochapishwa mwaka 1990, na ambacho kinaihusu sana historia ya Wamaza kwa sababu mitaa ya Waswahili ya mji huo ilikuwa na watu wengi wenye asili ya Maniema. Walimu walitembelea nyumba za wanafunzi ili kuona kama kitanda kimetandikwa na sahani zimepangwa, na nyumba bora ikapewa tuzo. Mafunzo hayo yalimtaka mwanamke awe mke wa nyumbani wa Kibelgiji mwenye ngozi nyeusi. Mengi ya waliyokusudia hayakushika. Lililoshika ni lile lililoingia bila kusukumwa katika desturi iliyokuwapo, nalo ni kumfumia mtoto wa mwenzako.

Wanawake wa Kiislamu wa Kasongo walibaki kwa sehemu kubwa nje ya mfumo huo. Shule zenye ruzuku ya serikali zilikuwa mikononi mwa misheni, na mzazi Mwislamu aliyempeleka mwanawe huko aliogopa, wala si bure, kwamba atarudi amebatizwa. Serikali iliutazama Uislamu wa Maniema kwa jicho la polisi, hasa baada ya tarika ya Kadiria kupata nguvu kati ya vita viwili vikuu. Matokeo yake ni kwamba kwa miongo kadhaa palikuwa na shule mbili za sindano katika nchi moja: ya misheni, yenye triko na kroshia, na ya nyumbani, yenye kofia za kutoboa na kudarizi, iliyofundishwa na mama kwa binti, au na mwalimu wa chuo kwa wasichana wake. Lakini mwanamke hufundishwa pia na jirani, na kitu kinachoweza kufumuliwa na kufumwa upya hakina siri. Ndiyo maana triko ilivuka ukuta wa dini kwa urahisi kuliko kitabu.

Zana zake nazo zilipatikana bila fedha nyingi. Pale sindano za dukani zilipokosekana, spoki za baiskeli zilinyooshwa, zikakatwa na kusuguliwa juu ya jiwe mpaka ncha iteleze. Uzi ulipokosekana, sweta kuukuu ilifumuliwa, uzi wake ukafuliwa na kukaushwa ukiwa umefungwa kwenye mti ili mikunjo itoke. Soksi ya mtoto huanzwa kwa vitanzi thelathini hadi arobaini, kwa kutegemea unene wa uzi. Safu za kwanza hufanya wayo, kisha vitanzi hupunguzwa katikati ili kipatikane kidole, na juu yake huachwa mstari wa matundu ambamo hupitishwa kamba iliyosokotwa kwa uzi ule ule, kwa kuwa mtoto mchanga hupiga mateke na soksi isiyofungwa haikai mguuni hata dakika tano. Fundi mwangalifu huficha ncha zote za uzi upande wa nje, kwani uzi uliolegea ndani ya soksi unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto na kukizuilia damu. Jambo hili halionekani kwa mnunuzi. Humwonyesha mama kwamba aliyefuma amewahi kulea.

Mgeni huuliza kwa nini watu wa nchi ya joto wafume nguo za sufu. Jibu lina sehemu mbili. Usiku wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, huwa baridi katika nchi ya Wamaza, na nyumba za udongo zina nyufa. Zaidi ya hapo, mtoto aliyezaliwa punde, hasa akiwa njiti, hupoteza joto upesi hata katika chumba ambacho mtu mzima hukiona cha joto, na kichwa chake, ambacho ni kikubwa kwa kulinganisha na mwili, huchangia sana upotevu huo. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto akaushwe mara moja, awekwe kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, na kufunikwa kichwa. Kofia ya triko, ambayo mkoloni aliileta kama alama ya ustaarabu, ilitetewa baadaye na utabibu kwa sababu nyingine kabisa. Soksi na kijisweta havina utetezi mkubwa hivyo. Vinapendwa kwa sababu vinapendeza.

Uhuru wa mwaka 1960 ulifunga vituo vingi vya Kibelgiji, na uasi wa Simba wa mwaka 1964, ulioikumba Maniema yote, uliwaondoa wamisionari wengi na kuwakimbiza wanavijiji msituni. Ufundi ulibaki kwa waliofundishwa. Kuanzia mwaka 1971 Kasongo ilijulikana ulimwenguni kwa jambo jingine: mradi wa afya ya msingi ulioendeshwa pamoja na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, ambao utafiti wake juu ya chanjo ya surua kwa watoto wadogo ulichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1981. Kliniki za wajawazito na za watoto zikawa jambo la kawaida, bila chambo cha zamani, na siku ya kliniki ikawa pia siku ambayo mama huonekana na wenzake. Mtoto huvalishwa layeti yake bora siku hiyo. Uchumi wa Zaire ulipoporomoka katika miaka ya 1980, seti iliyofumwa nyumbani ikawa zawadi iliyo ndani ya uwezo wa mtu asiye na mshahara, maana gharama yake kubwa ni muda.

Vita vilivyoanza mwaka 1996, na vile vya 1998 hadi 2003, vilikata njia za Kasongo na Kabambare kwa miaka, na hata baada ya hapo makundi yenye silaha yameendelea kusumbua upande wa Salamabila na machimbo ya dhahabu ya Namoya. Familia zilizokimbia ziliacha kila kitu isipokuwa kilichobebeka, na spoki mbili na donge la uzi hubebeka. Makanisa na mashirika yaliyowapokea wanawake waliobakwa au kufukuzwa kwao, katika Kivu na Maniema, yalifufua mafunzo ya cherehani na triko. Baadhi ya vikundi na nyumba za mafunzo hayo zilichukua jina la Dorkasi, mwanamke wa Yafa anayetajwa katika Matendo ya Mitume kwa nguo alizowashonea wajane. Jina hilo lilikuwa limetumika Ulaya na Marekani tangu karne ya 19 kwa vyama vya akina mama vya kushona. Tofauti ni kwamba hapa wajane wenyewe ndio washonaji. Katika vikundi vya likelemba, ambako kila mwanachama huchanga na kupokea kwa zamu, layeti huchukua nafasi ya fedha: aliyefumiwa mtoto wake atatarajiwa, wakati wake ukifika, kumfumia mwingine, na hakuna daftari linaloandikwa kwa sababu hakuna anayesahau.

Kwa sasa mshindani mkubwa wa mfumaji ni ukarimu wa mbali. Nguo za watoto za mitumba huuzwa sokoni kwa bei iliyo chini ya bei ya uzi unaohitajika kuzifuma, na misaada hufika bila bei yoyote. Mwaka 2006 shirika la Save the Children la Marekani lilianzisha kampeni ya kuwaomba wafumaji wa nchi hiyo wafume kofia za watoto wachanga kwa ajili ya nchi maskini, na UMCOR, idara ya misaada ya Kanisa la Muungano la Methodisti, kwa miaka mingi ilikusanya mafurushi ya layeti kutoka kwa waumini wake. Nia ni njema, na mtoto aliyezaliwa njiti haulizi kofia yake imetoka wapi. Hata hivyo kofia iliyofumwa na mtu asiyejulikana haimfungi yeyote kwa yeyote katika kijiji inakofikia. Inaongeza joto la kichwa, na inampunguzia fundi wa jirani mnunuzi mmoja. Kwa hesabu ya afya ni faida. Kwa hesabu ya ujamaa, ambayo ndiyo iliyoibeba nguo hii kutoka kiramba hadi triko, ni hasara.

Kinachokosekana Kasongo na Kabambare ni uzi. Mikono ipo, na mafundi wa kuwafundisha vijana wangalipo, lakini nyuzi zote hutoka nje ya Maniema, zikipitia Bukavu, Kalemie au Kindu, na kila kizuizi cha barabarani huongeza bei yake, katika nchi ambayo babu zake walilimishwa pamba kwa viboko. Anayetaka kuwasaidia watoto wachanga wa nchi ya Wamaza, awe ni shirika, parokia au ndugu aliyehamia mbali, na apeleke marobota ya uzi na sindano imara, aziache kofia zifumwe na watu watakaomjua mtoto kwa jina.